Redio Iliyokunywa Maji

Bi Chiku wa Kaloleni alikuwa na vidole visivyojua kukaa bure. Mpe mchele achambue, naye ataupanga mafungu mafungu, chuya huku, mawe kule, punje nzima mbele yake, kana kwamba kuna msimamizi nyuma ya kiti. Na alikuwa na sababu. Ujana wake aliumalizia kwenye kiwanda cha redio hapa hapa Arusha, kwenye ile meza ndefu ya wanawake wenye makoti ya bluu, kila mmoja na chuma chake cha kuchomea risasi, redio ikipita mkono kwa mkono, huyu anaunga waya, yule anafunga spika, mpaka inafika kiti cha mwisho. Kiti cha mwisho kilikuwa cha Chiku. Yeye ndiye aliyeiwasha kwa mara ya kwanza.

Mtu ambaye hajawahi kuwasha redio iliyokuwa mbao na waya tu muda mfupi uliopita, huyo hawezi kuelewa. Inakoroma kidogo, inatafutatafuta, halafu ghafla kuna mtu wa Dar es Salaam anasoma habari ndani ya kisanduku! Chiku aliifanya kazi hiyo miaka na miaka na hakuizoea hata siku moja. Kila redio ilipoongea alitabasamu, na wenzake wakamcheka, wakasema Chiku anadhani kajifungua.

Halafu milango ya nchi ikafunguliwa. Watu walifurahi, na nani angewalaumu, maana sabuni ilirudi madukani na mtu akaweza kununua kiberiti bila kupanga foleni. Lakini mlango ukifunguliwa hauchagui wa kumpitisha. Zikaingia redio ndogo za plastiki, nyepesi kama ganda la yai, bei ya kutupa. Kiwanda kikakohoa mwaka wa kwanza, kikakohoa wa pili, kikafungwa. Akina mama wa meza ndefu wakapewa mkono wa kwaheri. Chiku aliomba nyongeza moja tu: redio ya mbao ya mezani, kubwa, mojawapo ya zile za mwisho alizoziwasha mwenyewe. Akaibeba kichwani mpaka Kaloleni, akaiweka juu ya kabati na kuifunika kitambaa cha kufuma.

Tangu siku hiyo akawa fundi wa barazani. Pasi zilizoungua, chaja za simu, na hata hizo redio za plastiki zilizomtoa kazini, zote aliletewa na zote zilipona. Wateja walimsifu sana. Lakini Bi Chiku aliijua tofauti kati ya kutengeneza kilichoharibika na kuunda kisichokuwepo, na hilo la pili alilitamani kama mjamzito anavyotamani udongo. Redio ya mbao yenyewe ilikuja kufa, kipuri chake hakipatikani tena popote, akaiacha chini ya kitambaa chake. Alishavuka miaka hamsini. Alikuwa ameanza kujiambia kwamba basi, vidole vyake vimekwisha kuunda vilivyopangiwa.

Mwanawe wa mwisho, Muzammil, alikuwa na studio kwenye chumba cha uani. Studio ni neno kubwa. Kilikuwa chumba cha kulala kilichobandikwa trei za mayai ukutani, chenye maiki moja nzuri aliyoipata kwa jasho, na kompyuta ya mtumba kutoka Dubai. Vijana wa mjini walikuja kurap, kompyuta ikanguruma nao, na hakuna aliyejali. Taabu ilianza siku walipokuja watu wa Oldonyo Sambu, kule upande wa nyuma wa Mlima Meru.

Walikuwa wawili. Lerionka alikuwa mwenyekiti wa kwaya ya Kilutheri ya huko, mfugaji mrefu aliyevaa koti la suti juu ya shuka. Mwenzake alikuwa Nalepo, bibi aliyeongoza nyimbo. Kwaya ilitaka kutoa kaseti, na Lerionka, ambaye hanunui mbuzi bila kumfungua mdomo, alitaka kwanza kuijaribu studio. Basi Nalepo akasimama mbele ya maiki, akaimba kwa Kimaa wimbo alioutunga mwenyewe, bila ngoma wala kinanda. Sauti yake ilikuwa ya chini mno, kama mtu anayemtuliza ndama mgonjwa. Tena alikuwa na tabia ya kunyamaza kati ya ubeti na ubeti, akanyamaza kwelikweli, mpaka unadhani amesahau maneno, ndipo anaanza upya. Bi Chiku alikuwa anapita uani na ndoo ya maji. Akaitua, akasimama palepale mpaka mwisho.

Muzammil akaurudisha wimbo kwenye spika. Lerionka akainamisha kichwa kusikiliza.

“Kuna nyuki,” alisema.

“Nyuki wapi, mzee?”

“Humo ndani. Yeyo akiimba, wanaimba. Yeyo akinyamaza, wao hawanyamazi.” Yeyo ni mama, kwa Kimaa, na wote kule walimwita Nalepo hivyo.

Walikuwa nyuki kweli, nao walitoka kwenye feni za kompyuta. Muzammil akaifunika mashine blanketi. Nyuki wakapungua, Nalepo akaanza tena, na katikati ya ubeti wa pili kompyuta ikapata joto ikazimika, puu. Kijana akabaki anaomba radhi kwa kila mtu chumbani, na trei za mayai pia.

“Wewe ni kijana mwema,” Lerionka alimwambia, “na mama yako ametupa chai nzuri. Kwaya nzima haiwezi kuingia humu, kwa hiyo baada ya mavuno nyinyi mtakuja kanisani kwetu. Nyuki wakiwa wamekufa, kazi ni yenu. Wakiwepo, basi. Sisi kwetu Nairobi si mbali, tunavuka Namanga tu.”

Bi Chiku akawasindikiza mpaka njiani. Nalepo alitembea polepole, mkono kifuani.

“Huko Nairobi wataenda vijana,” alisema. “Mimi kifua changu hakitaki gari la mbali. Wataimba zile za vinanda.”

“Na wimbo wako, koko?” Bi Chiku aliuliza. Koko ni bibi, kwa Kimaa.

“Nitauimbia ng’ombe. Wanaujua.”

Bi Chiku alirudi nyumbani kainamisha kichwa. Hasira zilimpanda, na hakujua amkasirikie nani. Wimbo kama ule upotee kwa sababu ya feni!

Siku chache baadaye Muzammil alitoka intaneti kafe akicheka, ana picha aliyochapisha.

“Maza, cheki hii. Kuna washikaji huko majuu wanapooza kompyuta kwa maji. Wanapitisha mipira ndani kabisa, juu ya prosesa, ule ubongo wake unaochemka.”

“Maji na umeme, chombo kimoja?”

“Ndo hivyo. Vichaa.”

Bi Chiku akaichukua picha, akaisogeza mbali kidogo na macho, akaitazama. Jikoni wali ukaanza kunukia, kisha ukanukia vibaya, kisha ukaungua, na yeye bado ameitazama. Gari linapozwa na nini? Maji. Injini inachemka kuliko kompyuta yoyote, na maji yanazunguka, yanachukua joto, yanalipeleka mbele kwenye rejeta, upepo unalitupa nje. Maji hayana kelele. Moyo ulianza kumwenda mbio kama wa msichana aliyeletewa posa.

“Muzammil,” alisema, “hawa si vichaa. Hawa ni mafundi rejeta.”

Kesho yake alikuwa Ngarenaro, kwa fundi rejeta aitwaye Lesikar, ambaye uwanja wake ulijaa mabaki ya Land Rover za watalii.

“Mama Muzammil, shikamoo. Umenunua gari?”

“Marahaba. Nataka rejeta ndogo kabisa, ya kuingia kwenye redio.”

Lesikar alikuwa ameshasikia mengi kutoka kwa wenye magari, lakini hilo hapana. Alipoelezwa alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka, akakuna kichwa, akaingia nyuma ya banda na kurudi na kitu cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Ilikuwa rejeta ya hita, ile inayowapasha moto wazungu miguu Ngorongoro asubuhi. Akaziba tundu moja kwa kidole, akaitumbukiza kwenye pipa la maji, akapuliza tundu la pili kwa mdomo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakuna povu lililopanda.

“Haivuji,” alisema akihema. “Chukua. Ila maji ya bomba usitie, yana chumvi zake na yanapitisha umeme. Tia maji ya betri. Si tindikali, jamani! Yale maji safi ya kujazia.”

Basi ikawa kazi. Na ilikuwa raha gani! Pampu aliipata ya tangi la samaki wa mapambo, imestaafu kutoka hoteli moja mjini. Mipira alitumia ile myeupe inayoonyesha, ambayo mafundi ujenzi hutia maji kupimia usawa wa ukuta. Kipande kinene cha shaba kilitoka kwenye swichi kubwa ya zamani. Bi Chiku akakichimba vijito kwa msumeno wa chuma, akakifunika, akakichomea risasi pembeni pote, na hapo mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Hicho ndicho kingekaa juu ya prosesa, maji yapite ndani yake na kuondoka na joto. Kati ya shaba na prosesa alipaka ile grisi nyeupe waliyokuwa wanapaka transista kiwandani. Kopo lake bado alikuwa nalo. Alilinusa kwanza, na harufu ile ikamrudisha kwenye meza ndefu.

Ikabaki nyumba ya kuiweka kompyuta pamoja na maji yake. Ilitakiwa iwe ndogo, ya kupakatwa mpaka Oldonyo Sambu, na imara. Bi Chiku akatembea moja kwa moja mpaka kabatini, akakiondoa kile kitambaa cha kufuma.

“Maza, siyo hiyo,” Muzammil alisema. “Hiyo ni ukumbusho wako.”

“Ukumbusho ni wa marehemu. Mimi nipo.”

Hata hivyo mkono ulisita. Alipiga msumeno wa kwanza kwenye mbao ya nyuma akiwa amefumba macho, na sisemi kwamba hakutoa chozi, lakini la pili alipiga macho wazi. Spika ya zamani ilitoka, matumbo yakatoka. Nyuma ya kitambaa cha spika cha mbele, sauti ilipokuwa inapita, akaweka rejeta na feni moja tu, kubwa, akaipa umeme chini ya nusu ili izunguke kivivu. Diski ambayo hukwaruza akaitundika kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Chupa ya jamu ikawa tangi. Kitufe cha kutafutia stesheni kikawa cha kuwashia, na nyuma ya kioo chenye majina ya miji akarudisha taa ndogo ya njano. Muzammil alikuwa ameanza kazi hii kama mtu anayemvumilia mama yake. Kufikia hapo alikuwa anasahau kula.

Mara ya kwanza walipotia maji ya betri na kuiwasha pampu peke yake, mpira mmoja ulitoa tone. Wakakausha, wakafunga upya kwa kibano, wakatandika magazeti chini, wakangoja. Magazeti yakabaki makavu. Bi Chiku akasema bismillah akazungusha kitufe.

Kimya.

“Imekufa,” Muzammil alisema, uso umemshuka.

“Tazama taa.”

Taa ya njano ilikuwa inawaka nyuma ya majina ya miji. Kioo cha kompyuta kikapata rangi. Muzammil akaweka sikio juu ya mbao. Ilikuwa imetulia kama maji mtungini. Wakaipa kazi nzito, nyimbo juu ya nyimbo, wakagusa mipira, huu wa kwenda baridi, huu wa kurudi vuguvugu, na haikuzimika. Bi Chiku akatoka uani, akafunga kanga kiunoni, akapiga vigelegele.

“Kuna harusi?” jirani aliuliza juu ya ukuta.

“Kuna kompyuta!”

Mavuno yakapita. Lerionka alituma pikapu, Muzammil akapanda nyuma na maiki na kioo, na Bi Chiku akapanda mbele, mashine kapakata juu ya mto, hataki mtu amsaidie. Ngaramtoni walikuta gulio, wakapita katikati ya ng’ombe na mitumba. Olmotonyi harufu ya misitu ikaingia dirishani. Baadaye miti ikaisha, nchi ikakauka, na Meru ikawa nyuma ya bega badala ya mbele ya uso. Kila tuta la barabara lilimpiga yeye kwanza kabla ya kuigusa mashine.

Kanisani kwaya yote ilikuwa nje kwa mavazi yake ya bluu na shanga.

“Takwenya, mama,” Lerionka alimsalimu.

“Iko,” Bi Chiku aliitikia, na wanawake wakacheka kwa furaha, huyu wa Kaloleni anajua kuitikia!

Mashine ikawekwa mezani, karibu na soketi ya umeme ya kanisa, ubao wa nyuma ukafunguliwa ili ipumzike baada ya safari. Watu wakaizunguka. Waliona mipira, waliona chupa ya jamu.

“Kwa hiyo hii inakunywa maji?” Lerionka aliuliza.

Hapa sina budi kusema ukweli: kosa lilianzia kwa Bi Chiku mwenyewe, maana furaha ilimtia maneno.

“Inakunywa, baba! Bila maji haiishi hata saa moja. Ndiyo maana hailii.”

Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa heshima. Wageni wakapelekwa kwa Nalepo, hatua chache kutoka kanisani, kunywa chai. Pikapu ikaendelea Longido kuchukua mbuzi, irudi jioni.

Sasa, nchi ile ni kavu, na ina adabu zake. Mgeni akija na mnyama, huwezi kumkaribisha mgeni chai ukaacha mnyama wake amesimama na kiu. Hata punda wa adui hunyweshwa. Lerionka alibaki kanisani akaitazama ile chupa, akaona haikujaa, pana nafasi juu. Safari ndefu, vumbi, jua. Akaenda mwenyewe kuleta maji ya bwawa kwenye kibuyu, akafungua kifuniko, akamimina taratibu, kwa mkono uliozoea kuwanywesha ndama dawa, bila kumwaga tone pembeni. Ndipo akaja kwenye chai, ametulia kama mtu aliyetimiza wajibu.

Waliporudi, kwaya ikajipanga, Nalepo akasimama mbele, Bi Chiku akazungusha kitufe.

Mashine ikapiga kelele. Si nyuki tena, ni mashine ya kusaga mahindi! Ilikwaruza, ikanguruma, ikakwaruza. Bi Chiku akaizima haraka, akachungulia nyuma, na damu ikamkimbia usoni. Mipira ile iliyokuwa inang’aa ilikuwa ina rangi ya chai ya maziwa. Mchanga wa bwawa ulikuwa ndani ya pampu.

“Nani ametia maji?” Muzammil alifoka, akasahau adabu zote.

“Mimi,” Lerionka alisema, na alisema kwa fahari. “Mgeni anakula, mfugo wake unalala na kiu? Hapa si mjini.”

Bi Chiku alimtazama yule mzee, kibuyu bado kiko mkononi mwake. Hasira ilimpanda mpaka kwenye nywele. Kazi yake yote, redio yake aliyoikata kwa mkono wake, na wimbo wa yule bibi, vyote vimeharibiwa na ukarimu! Halafu lile neno mfugo likamfika vizuri, akajaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini, na kwaya ikacheka, na Lerionka peke yake akabaki anauliza kwani kafanya nini.

Kicheko kilipokwisha, tatizo lilikuwa palepale. Jua likishainama ng’ombe wangerudi na kengele zao, na ng’ombe wakirudi hakuna kwaya, kuna kukamua. Pampu ingeweza kusafishwa, lakini itiwe maji gani? Maji ya betri yalikuwa Ngaramtoni, na pikapu ilikuwa Longido.

“Inataka maji ya namna gani?” Nalepo aliuliza.

“Yasiyo na udongo, koko, wala magadi. Maji matupu kabisa. Kama ya mvua.”

Wanawake wakatazama chini. Maji ya upande ule yana magadi, ndiyo huwatia watoto meno ya kahawia, na kila mtu alijua kwamba Nalepo ana mtungi mmoja wa maji ya mvua aliokinga kwenye bati tangu masika, kwa ajili ya uji wa mjukuu wake. Alikuwa akiufunika kwa sahani na jiwe juu. Mchungaji mwenyewe aliwahi kuomba kikombe akapewa soda.

Nalepo akatoka. Akarudi na mtungi, ameukumbatia kifuani.

“Koko, hapana,” Bi Chiku alisema. “Ni ya mtoto.”

“Mtoto ana miaka mingi ya kunywa. Mimi ya kuimba sina mingi. Mimina.”

Hapo Bi Chiku akakunja mikono ya gauni. Mashine ikatolewa maji, na Lerionka, ambaye sasa alielewa, akajitolea kuvuta mpira kwa mdomo ili maji yashuke. Akavuta kwa nguvu mno, akameza funda zima la matope na shaba.

“Sasa nawe umenyweshwa,” Nalepo alimwambia kwa Kiswahili, ili wageni wasikose.

Pampu ikafunguliwa, mchanga ukafutwa punje kwa punje, na hapa vidole vya kuchambua mchele vilikuwa mahali pake. Wakasuuza kwa maji ya mvua kidogo, wakamwaga, wakasuuza tena, na kila kilichomwagwa kilimuuma Bi Chiku rohoni. Yaliyobaki yakatosha chupa ya jamu. Akagongagonga mipira kwa kidole mpaka pumzi ya mwisho ikapanda juu. Watoto wakatolewa nje, kuku wakafukuzwa, milango ikafungwa. Akazungusha kitufe.

Taa ya njano. Kimya.

Alivaa hedifoni. Akawasikia watu wa kwaya wakipumua, akasikia bati likilia kwa jua, akasikia hata shanga za Nalepo zikigusana alipoinua kidevu. Nyuki hawakuwepo. Kisha ile sauti ya chini ikaanza, karibu kabisa, kama imo ndani ya kichwa chake, na Bi Chiku akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma, machozi yanateremka. Kajifungua, wenzake wangesema. Nalepo akamaliza ubeti, akanyamaza kama kawaida yake, na hakuna kitu chochote duniani kilichojaza pale aliponyamaza. Muzammil akamkamata mama yake mkono chini ya meza, wala hakuuachia mpaka wimbo ukaisha.

Jioni, mashine ikiwa tena juu ya mto ndani ya pikapu, Lerionka alikuja dirishani, akaichungulia kwa mashaka.

“Itafika Arusha bila kunywa?”

“Itafika, baba.”

Kaseti ikatoka. Bi Chiku akarudi barazani kwenye pasi na chaja zake, ila safari hii kwenye kona ya meza kulikuwa na mbao mpya iliyopigwa msasa, maana studio nyingine ya Levolosi ilikuwa imeuliza kama anaweza kuunda ya pili. Masika ilipoanza, kazi ya kwanza aliyomtuma Muzammil ilikuwa kupeleka pipa jipya la kukingia maji, Oldonyo Sambu, kwa Nalepo.

Asubuhi moja ya mvua alikuwa dukani kwa Hatibu, jirani yake, ananunua sukari. Kwenye rafu palikuwa na redio, ya plastiki, zile zile. Mtangazaji akasema sasa ni zamu ya kwaya, akaitaja kwaya ya Oldonyo Sambu, na sauti ya Nalepo ikatoka kwenye kile kisanduku chepesi, ikajaza duka. Bi Chiku akaiweka sukari chini. Ubeti wa kwanza ukaisha, bibi akanyamaza.

“Hatibu, ongeza sauti!”

“Mama Muzammil, mbona amenyamaza?”

“Ndiyo hapo hapo. Ongeza.”

Hatibu akazungusha kitufe mpaka mwisho, na wote wawili wakasimama wakisikiliza.